Maswali Yenu: Wananiita Popo kwa Sababu Sina Chama

Wapendwa, mwezi huu barua zimefanana mno. Siasa imeingia sebuleni, imeingia chumbani, imeingia kwenye grupu la familia, na watu waliokuwa wanachekana sasa hivi wanapitana bila salamu. Nimechagua barua tano, majina nimeyatoa. Moja nimeijibu kwa urefu maana naona ndo inabeba maswali ya wengi, nyingine fupi fupi.

Swali

Shikamoo Anti. Nina miaka 34, mi sio mtu wa siasa sana ila kupiga kura napiga. Baba na kaka zangu ni chama tawala damu damu, mume wangu na ukweni kwote ni upinzani, na mimi kusema ukweli kuna mambo ya huku nayakubali na kuna ya kule nayakubali. Juzi kwenye grupu la familia baba akatuma klipu ya mgombea wake, nikaandika hoja ya kodi hapo ni nzuri ila hiyo ya kuwakamata wanaoandamana siiungi mkono. Basi ikawa vita. Kaka mkubwa akajibu "popo si ndege si mnyama", watu wakaweka vicheko. Mume wangu yumo humo kwenye grupu, akaninunia siku mbili eti kwa nini nimesema ya kodi ni nzuri. Yani nimepigwa pande zote. Anti, hivi mi ni muoga? Nisimame wapi?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo popo maana naona ndo amekuuma kuliko vyote.

Ile hadithi ya vita vya ndege na wanyama tumesimuliwa wote, ila watu wameshika mwisho wake wakasahau katikati. Kosa la popo halikuwa kuwa na mabawa na meno kwa wakati mmoja, ndivyo alivyozaliwa. Kosa lake ni kwamba ndege wakishinda anakunja meno anajiita ndege, wanyama wakishinda anakunja mabawa anaonyesha meno. Alikuwa anaangalia nani anashinda leo. Sasa wewe umefanya nini? Umeandika maneno mawili, la kuwafurahisha na la kuwaudhi, sehemu ambayo baba anasoma, kaka anasoma na mumeo anasoma, wote kwa pamoja, na hujamfichia mtu. Popo asingethubutu. Kwa hiyo hilo jina mrudishie kaka yako kwa upole, ukimuuliza tu, ni lini nilikwambia wewe hivi nikamwambia mume wangu vile?

Na hicho ndo kipimo ninachokupa, maana kweli wapo wanaojiita wa katikati kumbe ni bendera hufuata upepo. Kama unalosema kwa baba unaweza kulisema vilevile mbele ya mumeo, una msimamo. Ukiona unabadilisha maneno kila ukibadilisha chumba, hapo jiulize.

Sasa kwa nini wamekasirika wote wawili wakati kila mmoja umempa kitu? Mwaka 1970 hivi kuna mwanasaikolojia anaitwa Henri Tajfel alichukua vijana wa shule kule Bristol Uingereza, wa miaka 14 na 15, wanafahamiana kabisa, akawagawa makundi mawili kwa sababu ya kipuuzi tu, kukadiria idadi ya vidoti kwenye skrini, na mara nyingine eti nani kapenda picha za mchoraji yupi. Halafu akawapa nafasi ya kugawa hela kidogo kwa wenzao. Wakapendelea wa kundi lao, na sio hivyo tu, wengi walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu ya lile ambalo lingepata ilimradi lile la pili liachwe mbali zaidi. Vidoti mwanangu! Sasa fikiria chama ambacho baba yako kakipigia kura tangu ujana wake, kavaa fulana yake, kazikwa nacho rafiki yake. Ulipoandika "ila", hakusikia hoja ya maandamano, alisikia umetoka kwenye kundi. Na mumeo alipoona "nzuri" naye akasikia umehamia kule. Wamegombana na mpaka, maneno yako hawakuyafikia.

Kujua hivyo hakuondoi maumivu ila kunakuonyesha pa kuanzia. Kabla ya kuwaeleza wao, wewe mwenyewe unajua umesimama wapi? Nauliza kwa sababu mi nilidhani najua.

Kabla ya uchaguzi uliopita nilikaa mezani na binti yangu, nikampa ilani za vyama nikamwambia nisomee ahadi moja moja, changanya, usitaje chama, na jina la mgombea likitokea liruke. Mi nikachora mistari mitatu kwenye daftari, ndio, hapana, sijui. Alisoma 14. Daftari ninalo hadi leo, lina doa la chai pembeni. Tulipofungua majibu, nane nilizoziwekea ndio zilikuwa za upande wangu wa siku zote, tano za upande mwingine, na moja nimeandika sijui nikaipigia mstari mara mbili. Iliyoniuma ni ahadi ya sita. Nilikuwa nimeisema vibaya mwaka mzima, mbele za watu, kwa sauti, na siku ile sikujua ni ya nani nikaandika ndio bila hata kusita. Binti yangu hakusema kitu, aliniangalia tu.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba sio mimi peke yangu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa chuo Marekani, aliwapa mpango wa misaada kwa maskini, wengine mpango mnono wengine mkavu, na akawaambia chama fulani kinauunga mkono. Wakaufuata waliodhani ni wa chama chao, hata pale ambapo mpango wenyewe ulikuwa kinyume kabisa na walivyokuwa wanasema wanaamini. Walipoulizwa, walisema wameangalia mpango wenyewe, chama hakikuwashawishi, ila wanadhani wale wengine ndo hushawishika. Nilijiona pale na daftari langu.

Kwa hiyo fanya hilo zoezi. Na usijilazimishe kugawa nusu kwa nusu, hiyo ni hesabu ya kugawa mkate, msimamo hautafutwi hivyo. Ukitoka na tisa za baba na tatu za mumeo sawa, ukitoka kinyume sawa. Wewe ukikubali hoja ya kodi ukakataa kukamatwa kwa waandamanaji hujasimama kati ya hayo mambo mawili, umesimama kwenye sehemu mbili, na kila moja unaweza kuielezea. Ile ya "sijui" usiione aibu, iandike uende ukasome.

Kwa mumeo, usimjibu kwenye grupu wala kwa meseji. Mkiwa wawili mwambie hivi, mi nitakuunga mkono kwenye hili na hili, kwenye hili hapana, na sitakusema kwa kaka zangu wala sitawasema wao kwako. Hayo mengine ya nani ataingia ikulu, angalia Kenya. Uchaguzi wa Agosti 2017 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, marudio ya Oktoba Raila Odinga akayasusia, watu wakafa, majirani wakaogopana, Januari 2018 Raila akajiapisha. Halafu tarehe 9 Machi 2018 yeye na Uhuru Kenyatta wakatoka pamoja wakashikana mikono mbele ya kamera. Mi nilifurahi maana damu ilitulia, ila niliwawazia sana wale ndugu waliokuwa wameshaapizana wasizikane. Wao nani aliwashikanisha mikono?

Swali

Anti habari. Vyama vikubwa viwili vyote vimenishinda, nikitaka kupigia kidogo cha katikati naambiwa natupa kura. Si bora nilale tu siku hiyo?

Jibu

Usilale. Wenye hasira hawalali siku ya kura, wanaolala ni nyie, halafu mnashangaa kwa nini wagombea wanaongea na wenye hasira tu.

Lakini wanaokwambia kura inapotea hawakudanganyi moja kwa moja, inategemea nchi inahesabu vipi. Kama ni ule utaratibu wa anayeongoza kwa kura ndo anachukua kiti hata kama hajafika nusu, mfano bunge la Uingereza, vyama vidogo vinaumia na watu wanasogea kwenye viwili vikubwa kwa kuogopa kupoteza, Mfaransa Maurice Duverger aliliandika hili tangu miaka ya 1950. Australia bunge lao la chini tangu mwaka 1918 mpiga kura anapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, akitolewa wa kwanza wako kura yako inahamia kwa wa pili, kwa hiyo unaweza kumpa moyo wako namba moja na akili yako namba mbili. Zipo nchi viti vinagawiwa kwa asilimia ya kura, pale chama kidogo kina maana kabisa.

Ukiwa kwenye ule utaratibu wa kwanza bado una mambo mawili mkononi. Moja, kama mnapiga kura za ngazi kadhaa siku moja, sio lazima zote ziende chama kimoja, rais huyu, mbunge yule, kila mmoja mpime kivyake. Pili, na hili watu wa katikati wanalidharau sana, wagombea hawaanguki kutoka mbinguni, wanachaguliwa kwanza ndani ya vyama na watu wachache mno ambao mara nyingi ndo wale moto moto. Ukisubiri siku ya mwisho unaletewa wawili ambao huwataki unasema vyama vimekushinda. Kama sheria za nchi yako na kazi yako vinaruhusu, ingia kwenye kile kilicho karibu na wewe, ukapige kura ya mchujo. Najua wengi mtaona hilo ni kujichafua, mi sioni hivyo.

Swali

Anti mambo, mi ni mwanafunzi wa chuo. Ili nisiwe wa upande mmoja niliamua kufuata akaunti za pande zote mitandaoni. Matokeo yake usiku silali, kila posti inanichefua, na upande wa pili nauchukia kuliko nilivyoanza. Nakosea wapi? Na je nikiona uongo nijibu au nipite?

Jibu

Pole mdogo wangu, na hujakosea peke yako, hilo limepimwa. Mwaka 2018 Chris Bail na wenzake wa chuo kikuu cha Duke walichapisha jaribio, waliwalipa wafuasi wa vyama viwili vikubwa vya Marekani, Republican na Democrat, dola 11 wafuate kwa mwezi mmoja akaunti ya Twitter inayowaletea posti 24 kwa siku za upande wasioupenda. Walitegemea watalainika. Wale Republican walitoka wahafidhina zaidi kuliko walivyoingia, na Democrat hakuna dalili kwamba walisogea katikati. Ukifikiria inaeleweka, maana mtandaoni hukutani na mtu wa upande wa pili, unakutana na kipaza sauti chake, yule anayepata laiki nyingi kwa kuwatukana watu kama wewe. Yule jirani mwenye msimamo wa kawaida haposti siasa kabisa, anaposti mtoto wake amemaliza shule.

Ndo maana tunapata picha mbaya ya wenzetu. Watafiti wawili, Ahler na Sood, waliwauliza Wamarekani, kati ya wafuasi wa Republican ni asilimia ngapi wanaingiza zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka? Kwa wastani watu wakasema 38. Ukweli ni kama 2. Na kwa Democrat vilevile, walidhani asilimia 32 ni mashoga, wasagaji au wanaopenda jinsia zote mbili, ukweli ni kama 6. Yani watu wanawachukia wafuasi ambao kwa sehemu kubwa hawapo.

Punguza akaunti. Kila upande bakiza mbili tatu za watu wanaoandika kwa urefu na wanaoweza kusema "hapa chama changu kimekosea". Kama kwa mwaka mzima hujawahi kumuona akisema hivyo, mtoe. Halafu tafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa upande wa pili, wa kukaa naye ana kwa ana. Muulize umefikaje hapo, ilikuwaje, uliona nini. Ukimuuliza kwa nini unaamini hayo atakupa hotuba ya chama, ukimuuliza ilikuwaje atakusimulia maisha yake.

Ireland walifanya hivi kwa nchi nzima. Kati ya 2016 na 2017 waliwakusanya raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, chini ya mwenyekiti jaji, wakakaa wikiendi baada ya wikiendi kwenye meza ndogo ndogo wakisikiliza madaktari, wanasheria na watu wa pande zote juu ya sheria ya kutoa mimba, jambo ambalo lilikuwa limewagawa miaka na miaka. Wakatoa mapendekezo, likaenda bungeni, na Mei 2018 wananchi wakapiga kura ya maoni, theluthi mbili hivi wakakubali kubadilisha katiba. Unaweza kuwa hukubaliani na walichoamua, wapo wengi hawakubali hadi leo. Mi ninachokitazama ni zile meza, mkulima na mwalimu wamekaa siku nzima na hakuna aliyeweza kumbloki mwenzake.

Kuhusu kujibu uongo, jibu wa upande wako kwanza. Wa upande wa pili hatakusikiliza, wa kwako atakusikiliza hata kama atanuna. Oktoba 2008 John McCain, mgombea urais wa Republican aliyeshindana na Obama, akiwa kwenye kampeni Minnesota, Marekani, mama mmoja mfuasi wake mwenyewe akashika maikrofoni akasema hamuamini Obama, ni Mwarabu. McCain akaichukua maikrofoni akamwambia hapana, ni mtu mwema mwenye familia yake ambaye tunatofautiana tu kwenye mambo ya msingi. Baadhi ya watu wake walimzomea siku ile. Wewe huna jukwaa la kumzidi, lakini una grupu la darasa, na humo uongo wa upande wako unaujua kabisa.

Swali

Anti samahani ila nakuona unatufundisha uoga. Kuna mambo hayana katikati. Mtu akionewa ukakaa kimya umemsaidia anayeonea. Hao wako wa katikati ni vuguvugu, si moto si baridi.

Jibu

Kaka yangu nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Afrika Kusini kuanzia 1948 hadi kura ya 1994 hakukuwa na katikati ya haki kati ya ubaguzi na waliobaguliwa, aliyesema "tuwape nusu ya haki zao" alikuwa na mwonezi tu. Na uchaguzi ukibishaniwa, huyu anasema nimeshinda na yule anasema nimeshinda, mtu wa katikati hasemi basi gawaneni, anaomba fomu za matokeo za kila kituo zijumlishwe hadharani. Ukweli unaweza kuwa wote umelala upande mmoja, ukiukuta huko nenda huko.

Ila umechanganya vitu viwili, na mi pia miaka ya nyuma nilivichanganya. Kuna msimamo wako juu ya jambo, na kuna unavyomtendea anayelipinga. Mandela juu ya ubaguzi hakuwa vuguvugu hata siku moja, alikaa gerezani miaka 27. Na humohumo gerezani alijifunza Kiafrikana, lugha ya askari waliomfungia mlango, na miaka ya 1980 akiwa bado mfungwa akaanza kuongea na serikali ileile. Ungemwita muoga? Alijua siku ubaguzi ukiisha wale watu watakuwa bado wapo, na watahitaji mtu aliyeweza kuongea nao.

Kwa hiyo wewe simama palepale ulipo, kwa sauti yako yote. Nakuomba kitu kimoja, kwenye sehemu ya barua yako ambayo sikuiweka hapa umeniandikia kwamba wafuasi wa chama cha kule "wote ni wezi". Wote? Hata yule muuguzi wa kule uliyesema alimkeshea mama yako usiku mzima?

Swali

Anti, nilimbloki kaka yangu miaka miwili iliyopita kwa sababu ya uchaguzi. Jana nimesikia kwa mtu baki kwamba alifanyiwa operesheni ya goti mwezi wa tatu, na mi sikujua. Nimelia. Nianzie wapi? Nimwombe radhi kwa niliyoandika? Yeye ndo alianza kunitukana.

Jibu

Mwanangu mfungue leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Usimwandikie, mpigie, maana maandishi yenu yameshazoea kugombana na sauti yake hujaisikia miaka miwili. Nani alianza acha kwanza, itakuja siku mtaicheka au mtaizungumza. Akipokea utashikwa na kigugumizi, na yeye atanyamaza kidogo, usiogope huo ukimya usijaze na maelezo. Muulize goti linaendeleaje, anapanda ngazi? Halafu mwache aongee.